Daktari Aliyetufundisha Kusema Sijui

Mpaka leo kitasa cha mlango wa chumba chetu cha chai kina uzi wa katani wenye mafundo kumi na moja. Aliufunga Daktari. Akingoja chai ipoe, alitoa uzi mfukoni, ule wa kawaida wa kushonea magunia, akaufunga kwenye kitasa, au kwenye mguu wa meza, au kwenye mkono wa kikombe chako kama hukuwa macho, na vidole vikaanza kazi yake. Kulia, kushoto, kaza. Kulia, kushoto, kaza. Alikuwa akizungumza nawe habari za mvua huku haangalii mikono. Mama Wakesho, mfagiaji wetu, alizikata nyuzi hizo kila Ijumaa akinung'unika kwamba hospitali nzima imegeuzwa shamba la makonge. Huu wa mwisho hakuukata. Mgeni akiuliza ni wa nini, anaambiwa asiuguse.

Jina lake silitaji. Miaka kumi na tisa nilisimama ng'ambo ya kitanda cha upasuaji nikimpa visu na mikasi, na sikuwahi kumwita jina hata siku moja. Mimi nilimwita Daktari, yeye aliniita Sista, kama wauguzi wanavyoitwa, tukaelewana. Hospitali yetu pia siitaji. Ni ndogo, ya misheni, iko nje kidogo ya Voi, na daktari wa upasuaji tuliyekuwa naye ni mmoja tu. Ukigongwa na pikipiki kule Mwatate, ukipigwa na nyati ukienda kutafuta kuni, ukiletwa na tumbo lililovimba kutoka Taveta, ulikuwa mgonjwa wake.

Alikuwa mtu mrefu, mkavu, mwenye masikio makubwa ambayo kofia ya thieta haikuweza kuyaficha. Alikuwa na hasira za karibu. Akikosa mkasi anaoutaka alinguruma, na dakika mbili baadaye amesahau kabisa kwamba alinguruma, anakuuliza watoto wanaendeleaje shuleni. Mimi mwenyewe ni mtu wa mdomo, hilo Voi nzima inajua, kwa hiyo tulianza vibaya na tukaendelea hivyo hivyo, na nilimpenda kuliko nilivyowahi kumwambia.

Alipasua watu maisha yake yote lakini aliogopa sindano. Wacha we! Mwaka ule tulipochanjwa wafanyakazi wote, alijificha chooni. Nilimgongea mlango nikamwambia, "Daktari, toka, ni sindano moja tu." Akajibu humo ndani, "Sista, wewe hujui sindano ni nini." Alitoka akiwa amefumba macho, akanishika mkono mpaka ukaniuma, na alipomaliza kuchomwa akatangaza kwamba muuguzi aliyemchoma hana adabu.

Na maji. Kwao ni Sagalla, huko juu kilimani, ambako watu wamekuwa wakilia maji tangu azaliwe. Alinawa mikono kama anavyotakiwa kunawa mpasuaji, hakupunja hata kidogo, lakini chini ya bomba aliweka ndoo, na maji yale ndiyo Mama Wakesho aliyopigia deki. Bomba likiachwa linadondoka, ole wako. "Kwetu mtu anateremka kilima chote kwa hayo unayoyamwaga," alisema. Kanisani alilala. Alikaa kiti cha mbele kabisa na akalala, mke wake akimfinya paja. Mke wake alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, sisi sote tulimwita Mwalimu, na ndiye mtu pekee aliyeweza kumwambia Daktari kaa chini akakaa.

Lakini nikisema nimweleze mtu huyu, lazima nianze na swali la asubuhi, maana bila swali la asubuhi hujamjua.

Kila siku saa moja na nusu tulisimama kwenye korido mbele ya thieta. Wauguzi, mtu wa dawa ya usingizi, Mama Wakesho na ufagio wake, hata mlinzi kama alipita wakati huo. Daktari aliuliza swali moja, akamnyooshea kidole mmoja wetu. Kama unajua, unajibu. Kama hujui, unasimama wima na kusema kwa sauti, "Sijui." Halafu unaongeza, "Nitatafuta." Na kesho yake, kabla swali jipya halijaulizwa, unaleta jibu. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria. Aliyesema sijui hakuchekwa. Aliyebahatisha ndiye aliyekiona cha moto.

"Sijui ni jibu kamili," alisema. "Anayebahatisha ameshamzika mgonjwa kabla hajamwona."

Mimi siku yangu ya kwanza aliniuliza hivi: "Mgonjwa nilimkata kipande cha utumbo nikamuunganisha. Leo ni siku ya tano. Anasema tumbo haliumi sana, anataka uji. Lakini moyo unakwenda mbio na hujui kwa nini. Unashuku nini?"

Nikasema labda amepungukiwa maji.

"Umejua au umebahatisha?"

"Vyote viwili, Daktari."

Korido nzima ikaangua kicheko. Yeye hakucheka. Alinitazama mpaka nikatamani ardhi ipasuke. Kisha akasema taratibu, "Mshono wa ndani unavuja. Moyo ukikimbia na tumbo limenyamaza, shuku mshono, mpaka uhakikishiwe vinginevyo. Tumbo linaweza kudanganya siku nzima. Moyo hauwezi." Sikulisahau tena jibu hilo. Mara tatu nimeliona kwa macho yangu wodini, na mara zote tatu tulimrudisha mgonjwa thieta mapema na akapona.

Mama Wakesho naye aliulizwa kama sisi, mambo ya dawa za kuulia vijidudu na kwa nini ndoo ya thieta haitoki thieta. Daktari alimpa pia haki ambayo sijaiona hospitali nyingine. Kabla ya kufunga tumbo la mtu tunahesabu vitambaa, vile vya kufyonzea damu. Vilivyoingia kumi lazima vitoke kumi. Tulihesabu kwa sauti mara mbili, na Mama Wakesho, ambaye kazi yake ilikuwa kupokea vilivyochafuka kwenye beseni, alihesabu mara ya tatu. Akisema "Tayari," tunafunga. Akisema "Bado," hata awe ni nani amesimama pale, hafungi. Wageni kutoka hospitali kubwa walishangaa kuona daktari mpasuaji anamngoja mfagiaji. Daktari alisema Mama Wakesho ndiye peke yake chumbani asiyekuwa na haraka ya kwenda kula.

Sasa nieleze kwa nini nilimbeba moyoni.

Mume wangu aligongwa na lori barabara ya Mombasa, akaletwa kwetu, nami nikiwa zamu. Daktari alinitoa thieta, akaingia yeye. Alisimama mle ndani kwa muda wa saa sita. Alipotoka hakusema Mungu amempenda zaidi, hakusema tulifanya yote tuliyoweza. Aliketi sakafuni kando yangu, nguo za thieta zimelowa, akasema, "Sista, nimeshindwa. Damu ilitoka mahali ambapo sikutarajia na sijui kwa nini haikusimama. Nitatafuta." Nilimchukia kwa neno hilo. Nilijiambia, anatafuta nini sasa, mtu si ameshakufa?

Wiki tatu baada ya mazishi alikuja kwangu Mwakingali na karatasi mbili alizoandika kwa mkono. Aliketi kwenye kochi langu akanisomea, na kunichorea, damu ilitoka wapi na kwa nini, na ni kitu gani ambacho angeweza kukifanya na ni kipi hata angekuwa na mikono minne asingekiweza. Alikuwa ameuliza watu Nairobi, amesoma, ametafuta. Nililia siku hiyo mpaka nikalala usingizi wa kwanza tangu msiba. Ndiyo maana nikasema, huyu mtu akisema nitatafuta, anatafuta.

Cheti chake cha upasuaji hakikuwa cha kutundika ukutani ukasahau. Zamani madaktari walifanya mtihani mmoja mkubwa baada ya miaka mingi. Baadaye utaratibu ukabadilika, maswali yakawa yanakuja kwenye tableti kila baada ya miezi mitatu, machache, kila moja na dakika zake. Vitabu unaruhusiwa kufungua. Mtu huruhusiwi kumuuliza. Mwisho kabisa kuna kisanduku cha kubonyeza: nathibitisha kwamba majibu haya ni yangu peke yangu. Ukishindwa, cheti kinasimamishwa, na hospitali yetu ilikuwa na sharti moja lisilo na mjadala: asiye na cheti hai hashiki kisu.

Madaktari wengine nimewasikia wakiyalaani maswali hayo. Yeye aliyangoja kwa hamu kama watu wanavyongoja mechi. Alijifungia ofisini, akabandika karatasi mlangoni: MTIHANI. HATA PAKIUNGUA MSIBISHE HODI. Akitoka tulimsoma usoni. Mwaka mmoja alikosa swali la ngiri, kitu alichokitibu kila wiki, na kwa siku nne hakuna aliyeongea naye. Siku ya tano alitukusanya koridoni, akasimama wima kama mtoto wa shule. "Niliulizwa jambo nikajibu kwa mazoea. Nilikosa. Nimetafuta, na jibu ni hili." Akatufundisha kosa lake mwenyewe, na kutoka siku hiyo akabadilisha namna yake ya kushona ngiri, mzee mzima wa miaka sitini na zaidi.

Huyo ndiye alikuwa mtu wangu. Sasa mnisikilize vizuri, maana yanayofuata yanahusu aibu yangu.

Ilianza kidogo kidogo. Aliomba mkasi akauita "ile, ile ya kukatia." Alitia chumvi kwenye chai akainywa yote kwa ukaidi. Kisha asubuhi moja akauliza swali alilouliza jana yake. Neno kwa neno. Tulitazamana. Mtu wa dawa ya usingizi, aliyenyooshewa kidole, alikuwa amelijibu jana vizuri kabisa. Akasimama wima akasema, "Sijui, Daktari. Nitatafuta."

Ilikuwa heshima, nani angemwambia mzee umerudia? Lakini haki ya Mungu, pale ndipo tulipoharibu. Siku zilizofuata kila mmoja wetu alijifunza kusema sijui ya uongo. Akirudia swali, sijui. Akichanganya mgonjwa wa juzi na wa leo, sijui, Daktari, hebu tukumbushe. Neno alilotufundisha tulitumie kwa ukweli tukaligeuza blanketi la kumfunikia. Na yeye akafurahi, maana alikuwa na jambo la kutufundisha kila siku. Mama Wakesho peke yake ndiye aliyekataa mchezo huo. Alipoulizwa swali la juzi alijibu, "Nilishakujibu, Daktari," akaendelea kufagia. Tulimkasirikia.

Kisha yakaja maswali ya miezi mitatu. Nilikuwa napita koridoni nikasikia mlango unafunguliwa. Karatasi ya MTIHANI ilikuwa imebandikwa kama kawaida. Yeye akachungulia, akatazama huku na huku.

"Sista. Ingia kidogo."

Mlango ule hakuna mtu aliyewahi kuuingia siku ya mtihani. Niliingia. Tableti ilikuwa mezani na dakika zinakwenda. Vitabu vilikuwa vimefunguliwa kama sita hivi, vyote kurasa zisizohusika.

"Miwani yangu inanisumbua," akasema. "Nisomee."

Nilimsomea. Miwani ilikuwa usoni pake na haikuwa na shida yoyote. Nilipomaliza akauliza, "Wewe unaonaje?" Nilijua jibu. Jamani, ningekosaje kulijua? Alinifundisha yeye. Nikamwambia. Akasema, "Ndivyo nilivyokuwa nafikiri." Tukaenda hivyo mpaka la mwisho, na kisanduku kile cha kuthibitisha, kidole kilichokibonyeza kilikuwa changu.

Alifaulu. Nilimpitisha mara hiyo, na ya pili, na ya tatu. Miezi tisa. Nilijiambia mikono yake bado ni mizima, na ilikuwa mizima kweli, ilishona vizuri kuliko ya mtu yeyote niliyewahi kumwona. Nilijiambia yeye akiondoka watu watapelekwa Mombasa na watafia njiani. Nilijiambia mengi. Ukweli ni kwamba sikuweza kufikiria korido ile bila yeye.

Halafu akaja mama mmoja wa Mahoo, mkulima wa ndizi, utumbo umetoboka. Upasuaji ulikwenda vizuri kabisa. Tukafika mwisho. Nikahesabu: tisa. Nikahesabu tena: tisa. Vilikuwa vimeingia kumi.

"Funga," Daktari akasema, na mkono wake tayari umechukua uzi.

Nilifungua mdomo. Mimi, mtu wa mdomo, nilifungua mdomo na sauti haikutoka. Nilikuwa nimezoea kumfunika, nikangoja kidogo nione kama atakumbuka mwenyewe.

"Bado," akasema Mama Wakesho.

Daktari aligeuka. "Nani amekuuliza wewe? Mfagiaji!"

Mama Wakesho alikuwa ameshika beseni kwa mikono miwili. "Bado, Daktari. Ni tisa."

Tulikipata nyuma ya utumbo, kimelowa damu, kimejikunja pale ambapo usingekiona kama hukitafuti. Yule mama alipona, akarudi Mahoo kwa migomba yake. Anatuletea ndizi mpaka leo, na mimi kila nikimenya moja yake nakikumbuka kile kitambaa.

Mchana ule nilimkuta Daktari chumba cha kubadilishia nguo, ameketi. "Sista, eti nilimkemea Wakesho?"

"Ndiyo, Daktari."

"Kwa nini?"

Akainuka, akaenda kumwomba msamaha. Mama Wakesho akamsamehe. Baada ya nusu saa akanijia tena, uso ule ule wenye wasiwasi. "Sista, eti nilimkemea Wakesho?" Akaenda kumwomba msamaha mara ya pili. Mama Wakesho akampokea kama vile ni mara ya kwanza, akamwambia yamekwisha, kisha akaingia stoo ya mifagio akajifungia humo akalia. Nilimsikia.

Wiki mbili baadaye maswali yakaja. Mlango ukafunguliwa. "Sista, ingia kidogo, miwani yangu." Niliingia, nikaketi, nikaweka mikono yangu mapajani. Nilikuwa nimeapa nitasoma tu.

Swali la kwanza nikasoma. Mgonjwa aliunganishwa utumbo siku tano zilizopita. Maumivu si makali. Moyo unakwenda mbio. Unashuku nini kwanza?

Sijui nani aliniletea swali lile siku ile. Daktari alitazama dirishani. Mikono ilikuwa imeanza kutafuta uzi mfukoni. Dakika zilikuwa zinakwenda.

"Wewe unaonaje, Sista?"

Nilimtazama. Masikio yake yale makubwa, mvi zake. Kama nikijibu, anabaki. Kama nisipojibu, namtoa mimi, kwa mkono wangu, mtu aliyeketi sakafuni na mimi.

"Sijui, Daktari," nikasema.

Akageuka akanitazama. Wallahi alijua. Yale macho yalikuwa ya zamani kabisa, ya siku yangu ya kwanza koridoni. Kwa muda ule mdogo alikuwa mzima kabisa na alijua kwamba najua.

"Na kisha?" akauliza.

"Nitatafuta."

Akaitikia kwa kichwa taratibu. Hakugusa tableti. Tulikaa pamoja tukitazama dakika zinakwisha, swali hilo na yote yaliyofuata, mpaka kioo kikazimika chenyewe.

Kesho yake saa moja na nusu alikuwa koridoni, amevaa koti safi. Tulisimama. Akaninyooshea kidole. "Sista jana alisema atatafuta. Umepata?"

Mbele ya wote ikabidi niseme. "Mshono wa ndani unavuja. Moyo ukikimbia na tumbo limenyamaza, shuku mshono, mpaka uhakikishiwe vinginevyo."

"Sahihi," akasema. Kisha kwa sauti ya chini, "Ulilijua jana."

"Ndiyo."

"Asante, Sista."

Mpaka leo sijajua alinishukuru kwa jibu au kwa kumnyima. Alivua viatu vyake vyeupe vya thieta, akavipanga ukutani, akatembea na soksi mpaka kwa msimamizi wa hospitali kusema mwenyewe. Mimi nikamfuata, nikasema yangu, zile mara tatu na kidole changu. Nilisimamishwa kazi kwa muda, na nilistahili zaidi. Wengine walinilaumu kwa kumsaidia, wengine wakanilaumu kwa kuacha kumsaidia. Wote walikuwa na haki.

Sikwenda Sagalla, alikorudi kwao, kumwona kwa karibu miaka miwili. Niseme sababu? Niliogopa. Niliogopa atakuwa ananikumbuka, na niliogopa atakuwa hanikumbuki.

Mwezi uliopita nikapanda. Bodaboda iliniacha kwenye kona, nikamalizia kwa miguu na mkungu wa ndizi wa yule mama wa Mahoo begani. Mwalimu alinipokea langoni, amekonda. Akaninong'oneza, "Sista, usimuulize kama anakukumbuka. Watu wakimuuliza anabahatisha. Anawaita majina ya ndugu zake waliokufa ili wafurahi, halafu akiona nyuso zao anajua amekosa, na siku nzima hali chakula."

Anabahatisha. Yeye!

Alikuwa barazani. Kwenye mkono wa kiti uzi wa katani ulikuwa umefungwa, na vidole vinakwenda. Kulia, kushoto, kaza. Mafundo yalikuwa sawa kabisa, hata moja halikulegea. Nilimsalimu, akaitikia kwa adabu ya mtu anayepokea mgeni. Tukaongea habari za mvua. Akaniambia bomba la huko nyuma linadondoka na hakuna anayejali.

Nami nikashindwa. Nilikuwa nimekatazwa, na nikashindwa. Kwa sauti ile ile ya koridoni nikamwambia, "Daktari, swali la asubuhi. Mimi ni nani?"

Mwalimu akashika kichwa. Vidole vya Daktari vikasimama. Alinitazama, akatazama ndizi, akanitazama tena. Niliona kabisa jina la mtu fulani linamjia mdomoni, la kunifurahisha tu. Akalimeza. Akashika mikono ya kiti, akainuka polepole, akasimama wima.

"Sijui," akasema kwa sauti kubwa. "Nitatafuta. Njoo kesho asubuhi nikupe jibu."

Nilishuka kilima nikilia waziwazi, watu wakinitazama, na sikujali.

Kesho yake sikwenda. Nilijua kabla sijafika barabarani ameshasahau kama nilikuja. Nilikuwa nafua nguo, simu ikalia. Ni Mwalimu.

"Sista, uko wapi? Huyu mtu yuko langoni tangu saa moja. Amevaa koti. Hataki chai, hataki kuingia. Anasema kuna mtu anakuja kuchukua jibu. Nikimuuliza nani, hajui."

Niliacha nguo ndani ya karai, nikaondoka na povu mikononi. Nilifika karibu saa tano, jua limeshika. Alikuwa ameketi kwenye jiwe kando ya lango, koti limefungwa vifungo vyote, karatasi iliyokunjwa mkononi. Aliponiona akainuka.

"Mama, unateremka Voi?" akaniuliza.

"Ndiyo, Daktari."

"Basi nifanyie hisani. Jana kuna mama alikuja hapa akaniuliza swali. Nimengoja, naona amechelewa. Ukimwona, mpe hii. Mwambie nilitafuta."

Nikaifungua palepale. Herufi zilikuwa zinapanda na kushuka, lakini mwandiko ulikuwa wake. *Nimeuliza mke wangu. Ni Sista wa thieta. Ni mtu wangu.*

Alikuwa ananitazama kwa wasiwasi. "Utampa kweli?"

Nikamwambia nitampa.